Ujumbe wa Kundi Upewe Nambari: Jinsi ya Kuunganisha Gumzo la WhatsApp na Tiketi ya Malalamishi

Wakaazi wengi wa kaunti yetu siku hizi hawafungi safari hadi afisini kuripoti taa ya barabarani iliyozimika au mfereji uliopasuka. Wanaandika katika kundi la WhatsApp la wadi, kisha wanangoja. Afisa aliye ndani ya kundi hujibu "Imepokelewa", watu wawili watatu huweka dole gumba, na mazungumzo yanaendelea. Somo la toleo hili linahusu kinachotokea, au kinachokosa kutokea, baada ya neno hilo "Imepokelewa". Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana, msimu wa mvua ndefu, mkaazi mmoja aliandika usiku katika kundi ambalo mimi ni mmoja wa maafisa waliomo. Alisema mbao mbili za daraja la miguu zimeng'oka na watoto wa shule wanaruka pengo hilo kila asubuhi. Juu ya ujumbe wake kulikuwa na mchango wa matanga. Chini yake yakaja matokeo ya mechi, halafu tangazo la ng'ombe aliyepotea. Nilijibu: "Imepokelewa, asante kwa kuripoti." Nilikusudia kumwarifu mhandisi asubuhi. Asubuhi ikaja na mambo yake, nami nikasahau.

Wiki kadhaa baadaye mtoto wa gredi ya nne aliteleza pale pale akavunjika mkono. Baba yake alikuja afisini akiwa ameshika simu. Hakugomba wala hakupaza sauti. Alinionyesha jibu langu, akanionyesha na tarehe yake, akaniuliza: "Sasa hii mlipokea mkaiweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda idara ya barabara na ujenzi, nao hawakuwa na rekodi yoyote ya daraja hilo. Nilirudi kwenye kundi nikaanza kusoma jumbe za nyuma moja baada ya nyingine, na hapo nikagundua kwamba mambo yalikuwa mabaya kuliko nilivyodhani. Daraja lile lilikuwa limeripotiwa mara tatu na watu watatu tofauti. Mmoja aliliita daraja la shuleni, wa pili akasema "pale mtoni karibu na posho mill", na wa tatu alilitaja kwa jina la chifu wa zamani aliyekuwa akiishi karibu. Watu watatu walikuwa wamepiga kengele, na sisi maafisa tuliomo kundini tulisikia makelele matatu madogo yasiyohusiana.

Kwa nini kundi husahau

WhatsApp ni chombo kizuri cha kuitana. Kwa kuweka kumbukumbu, ni chombo dhaifu, na sababu zake zinaeleweka vizuri ukiziangalia moja moja.

Kwanza, kundi moja linaweza kuwa na watu hadi 1,024. Hata wakiandika wachache tu kati yao, ujumbe wa saa mbili usiku huwa umezama chini ya jumbe mia moja kufikia asubuhi. Pili, ujumbe hauna hali. Huwezi kuutazama ukajua kama kazi haijaanza, inaendelea au imekwisha. Alama mbili za buluu zinasema tu kwamba umesomwa. Tatu, ujumbe unaweza kutoweka. Kundi likiwekewa mpangilio wa jumbe zinazofutika, hufutika baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 kulingana na kilichochaguliwa. Aliyeuandika anaweza kuufuta kwa wote ndani ya takriban siku mbili, na admini wa kundi naye anaweza kuufuta.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: simu ni ya afisa mwenyewe. Akihamishwa wadi nyingine au akistaafu, anaondoka na simu yake na mazungumzo yote yaliyomo. Anayeingia mahali pake kwa kawaida hazioni jumbe zilizoandikwa kabla hajaongezwa kundini. Anaanza upya, na mkaazi aliyeripoti miezi minne iliyopita anaambiwa aripoti tena. Nimewasikia wakaazi wakisema "hawa wa afisi hujifanya hawajui". Mara nyingine ni kweli hawajui.

Tiketi ni nini

Ukisikia tiketi, usifikirie basi la usiku. Katika kazi hii, tiketi ni rekodi moja ya tatizo moja. Ina nambari isiyorudiwa, maelezo ya tatizo, mahali lilipo, tarehe iliporipotiwa, jina la anayelishughulikia, na hali yake: limepokelewa, limekaguliwa, linatengenezwa, limefungwa. Inaweza kuwa katika programu ya kompyuta au katika daftari kubwa lenye mistari. Muhimu ni ile nambari na yule mtu mmoja aliyeandikwa kuwa ndiye anayehusika.

Waliolisukuma wazo hili mbele zaidi ni watengenezaji wa programu za kompyuta, kwa sababu wao huletewa malalamiko ya hitilafu kila siku kutoka pande zote za dunia. Mwaka 1998 mradi wa Mozilla ulianza kutumia daftari la kompyuta liitwalo Bugzilla, ambamo kila hitilafu hupewa nambari yake. Mwaka 2002 kampuni ya Australia iitwayo Atlassian ikatoa Jira. Jina hilo limefupishwa kutoka Gojira, yaani jina la Kijapani la lile dubwana la sinema Godzilla, kwa utani juu ya Bugzilla waliyokuwa wakiitumia.

Lakini watengenezaji hao nao walikuwa na tatizo letu lile lile. Walikuwa na madaftari mazuri ya tiketi, na bado mazungumzo yenyewe yalifanyika kwingine, katika gumzo. Mtu angesema ndani ya gumzo, "Nimeona chanzo cha hitilafu," wenzake wangeshangilia, na tiketi ingebaki vile vile, haijui lolote. Programu ya gumzo iitwayo Slack, iliyozinduliwa mwaka 2013 na kampuni iliyokuwa imejaribu kutengeneza mchezo wa kompyuta ikashindwa, ilikuja na jambo dogo lenye faida kubwa: kila ujumbe una anwani yake. Unanakili kiungo cha ujumbe huo mmoja na kukibandika ndani ya tiketi. Yeyote anayeifungua tiketi mwaka mmoja baadaye anabonyeza kiungo na kufika kwenye maneno yenyewe, na majibu yake yote. Zikiunganishwa na Jira, mtu anaweza kuigeuza sentensi ya gumzo kuwa tiketi papo hapo, na nambari ya tiketi ikitajwa ndani ya gumzo, kichwa chake na hali yake vinaonekana hapo hapo.

Ujumbe mmoja ndani ya kundi la WhatsApp hauna anwani ya namna hiyo. Ndiyo maana kwetu kiungo lazima kijengwe kwa mkono. Si kazi ngumu, lakini pasipo mtu wa kuifanya, haifanyiki.

Kiungo kina ncha mbili

Hapa ndipo watu hukosea, nami nilikuwa mmoja wao. Baada ya mkasa wa daraja, tulianza kuandika malalamishi ya kundi katika daftari la afisi. Tulijiona tumemaliza kazi. Mwezi mmoja baadaye mama mmoja akaandika kundini, kwa mara ya tatu, kuhusu bomba linalovuja karibu na zahanati. Tulikuwa tumemwandikia tiketi tangu ujumbe wake wa kwanza, ila hakuna aliyemwambia. Kwake yeye, na kwa watu wote waliokuwa wakisoma, tulikuwa tumenyamaza.

Basi kiungo kiwe na ncha mbili. Ncha ya kwanza huenda kwenye tiketi: maneno ya mkaazi yanakiliwa kama alivyoyaandika, pamoja na jina la kundi, tarehe na saa, na picha alizotuma. Nasema kama alivyoyaandika kwa sababu sisi maafisa tunapenda kufupisha. Mkaazi anaandika "maji yananuka na watoto wawili wameharisha tangu Jumapili", afisa anaandika "lalamishi kuhusu ubora wa maji". Ile harufu, wale watoto na ile Jumapili vyote vimepotea, na hivyo ndivyo vingemfanya mtu wa afya ya umma avae viatu aondoke. Pia tusitegemee kumsambazia mhandisi ujumbe ukiwa peke yake. Ujumbe uliosambazwa huonyesha kwamba umesambazwa, lakini hauonyeshi nani aliuandika kwanza wala saa ngapi. Unafika ukiwa yatima.

Ncha ya pili hurudi kwenye kundi. Afisa anaujibu ule ule ujumbe wa mkaazi, kwa kuubonyeza na kuchagua kujibu, ili jibu lishikamane nao, na kuandika nambari ya tiketi. Badala ya "Imepokelewa", jibu linakuwa kama hivi:

"Asante. Nimeandika tiketi MJ-0147, bomba linalovuja nyuma ya zahanati. Iko kwa msimamizi wa maji wa wadi. Nitaleta habari hapa Ijumaa."

Nambari hiyo ni ya mfano tu. Lakini tazama inachofanya. Mwezi ujao mtu yeyote kundini akiandika MJ-0147 kwenye sehemu ya kutafuta, WhatsApp itamletea kila ujumbe ulioitaja nambari hiyo, kwa mfululizo. Kile ambacho Slack hufanya kwa kiungo, sisi tunakifanya kwa nambari, mradi kila mtu aitaje. Ujumbe unaosema tu "ile maneno ya bomba imefika wapi?" hautapatikana kamwe.

Nambari hiyo pia ndiyo dawa ya mambo kama ya lile daraja letu lenye majina matatu. Mtu wa pili akiripoti tatizo lile lile, hatuandiki tiketi mpya. Tunaongeza ujumbe wake ndani ya tiketi iliyopo na kumpa nambari ile ile. Tiketi yenye jumbe tatu kutoka kwa watu watatu inamwambia mhandisi jambo ambalo tiketi tatu zenye ujumbe mmoja mmoja haziwezi kumwambia. Tena majina yote matatu ya mahali yanakaa pamoja, na atakayekuja na jina la nne ataulizwa, "Unamaanisha hili?"

Mkaazi afanye nini

Ujumbe mzuri wa kuripoti hauhitaji Kiswahili cha kitabu. Uhitaji wake ni mambo manne: nini, wapi, tangu lini, na nani yumo hatarini. Linganisha "Barabara yetu ni mbaya jamani, mnalala?" na huu: "Karavati ya barabara ya sokoni, mita chache kabla ya kanisa, imebomoka upande wa kushoto tangu Jumanne. Pikipiki mbili zimeanguka usiku." Wa kwanza una haki yake, na hasira yake naielewa. Wa pili unaweza kugeuzwa tiketi bila afisa kumpigia mtu simu.

Tatizo moja liwe na ujumbe mmoja. Ukiandika taa, takataka na dawa za zahanati katika aya moja, zitakuwa tiketi tatu katika idara tatu, na mojawapo itasahaulika.

Kuhusu picha, piga moja ya karibu inayoonyesha uharibifu na nyingine ya mbali inayoonyesha kitu kinachojulikana, kama duka, mti mkubwa au lango la shule. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida ndani ya WhatsApp hupunguzwa ukubwa na kuondolewa taarifa za mahali ilipopigwa, kwa hivyo afisa hawezi kuifungua akajua uko wapi. Tuma na mahali, kwa kubonyeza alama ya kuambatisha. Chagua mahali ulipo wakati huo. Ile nyingine inayokufuata unapotembea huisha baada ya dakika 15, saa moja au saa nane, na mhandisi akifungua kesho hatakuta kitu.

Halafu uliza nambari. Usione haya. Afisa akikujibu "Imepokelewa", mjibu kwa upole, "Asante afisa, nambari ni ipi?" Ukishaipata, iandike mahali pengine pia, hata kwenye ukuta wa jikoni. Baba yule aliyekuja afisini angekuwa na nambari, asingehitaji kunionyesha jibu langu. Angekwenda moja kwa moja kwa mhandisi akauliza daraja hilo limekaguliwa lini na nani.

Na wasio na simu janja? Hao ndio wengi katika baadhi ya vijiji vyetu, na malalamishi yao yasiwe ya daraja la pili. Mtu anaweza kueleza kwa mdomo katika afisi ya wadi, na afisa akaandika na kumpa nambari kwenye kipande cha karatasi. Ni tiketi ile ile.

Tatizo likiwa si la kaunti

Jumbe nyingi tunazopokea zinahusu mambo yasiyo mikononi mwa kaunti. Nyaya za umeme zilizoanguka ni za Kenya Power. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA. Desturi yetu mbaya imekuwa kujibu "hilo si letu" na kufunga mlango. Afadhali afisa aandike tiketi, apeleke ripoti kule inakohusika, aombe nambari ya kule, na aziweke nambari zote mbili pamoja katika tiketi na katika kundi. Mashirika mengi yana mfumo wake. Katika sekta ya maji, kwa mfano, kuna MajiVoice, ulioanzishwa na msimamizi wa sekta hiyo WASREB kwa ushirikiano na Benki ya Dunia, ili malalamishi ya wateja wa kampuni za maji yaandikwe na kufuatiliwa hadi yatatuliwe.

Jambo la hatari halingoji tiketi. Waya ulio chini, moto, mtu aliyesombwa na maji: piga simu kwanza, waonye majirani, tiketi iandikwe baadaye.

Siri na haki

Kundi lina macho mengi. Mgonjwa aliyekosa dawa asitajwe jina kundini wala picha yake isitumwe, na vivyo hivyo mtoto aliyeumia. Andika kundini kwamba kuna mgonjwa aliyekosa dawa katika zahanati fulani, halafu mpe afisa maelezo mengine kwa faragha. Afisa atayaweka ndani ya tiketi, na kundini atarudisha nambari peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatubana sisi maafisa pia: nambari yako ya simu tuliyoichukua ili tukupigie kuhusu bomba haifai kutumiwa kwa jambo lisilohusiana nalo.

Sheria inakupa nguvu pia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mwananchi haki ya kuiandikia kaunti ombi au lalamishi kuhusu jambo lolote lililo chini yake, na inazilazimu mamlaka za kaunti kujibu bila kukawia. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili na lishughulikiwe ndani ya siku 21, au ndani ya saa 48 likihusu uhai au uhuru wa mtu. Mtu asiyeweza kuandika, afisa anatakiwa kumwandikia na kumpa nakala. Ukinyimwa habari unaweza kupeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman. Mbele ya tume hiyo, nambari ya tiketi yenye tarehe ina uzito kuliko kusema "niliandika kwenye WhatsApp".

Sasa kuhusu sisi wenyewe. Kila Ijumaa alasiri mimi hupitia makundi ya wadi niliyomo, natafuta jumbe zilizoripoti tatizo na zisizo na nambari chini yake. Wiki ya kwanza zilikuwa nyingi kiasi kwamba nilirudi nyumbani usiku. Siku hizi hupata mbili au tatu, na mara nyingi admini wa kundi huwa ameniwahi kwa kuniita jina mbele ya watu wote.

Tiketi ya lile daraja bado iko wazi. Mbao zimewekwa na watoto wanapita, ila upande wa chini wa mto haujawekewa reli ya kushikilia, na tulikubaliana na baba yule kwamba isifungwe kabla ya reli kuwekwa. Huja kuiuliza kwa nambari.